Blaindi: swali la rangi liwe la mwisho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wasomaji wako walio mbioni kuweka blaindi majumbani. Sisi ni mafundi wa kupima na kufunga. Mteja akiingia dukani, Kariakoo au kwingineko, swali la kwanza analoulizwa ni "rangi gani?" Anafunguliwa kitabu cha sampuli, anachagua kijivu kwa sababu kijivu ndiyo fasheni, anataja futi tano kwa tano, analipa nusu na kuondoka. Malalamiko huja baadaye: chumba kinachemka, blaindi inagonga usiku kucha, jirani anaona ndani taa ikiwaka. Rangi ina uzito wake, na tutaifikia, lakini kabla yake kuna mambo matatu ya kujua: dirisha hilo hufunguliwa au halifunguliwi, jua linaliingia kutoka upande gani, na nani anapita nje yake.

Tuanze na hewa, maana ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Aina nyingi za blaindi zilizoko sokoni zinafaa zaidi vyumba vyenye kiyoyozi, ambako dirisha likishafungwa limefungwa. Nyumba zetu za Pwani hazikai hivyo. Watu wanalala dirisha likiwa wazi, wavu wa mbu umesukumwa mahali pake, feni inazunguka, na kila mtu anangoja kusi au kaskazi kulingana na miezi. Ukishusha blaindi ya rola, yaani kitambaa kinachoviringishwa kwenye bomba, mbele ya dirisha la namna hiyo unazuia upepo uleule unaoutaka. Upepo nao ukizidi, kitambaa kinavimba kuelekea chumbani kisha kinavutwa nje, na bomba la chini linagonga grili mpaka alfajiri. Baada ya miezi kadhaa ya kusuguana na nondo, kingo za kitambaa huanza kutoa nyuzi, na nyuzi zikishaanza kutoka hakuna fundi wa kuzirudisha; dawa pekee ni kukata kitambaa kiwe chembamba zaidi.

Blaindi za vipande vya wima ndizo zinazoteseka kuliko zote kwenye upepo. Vile vimnyororo vya chini vinavyounganisha kipande na kipande huchomoka, vipande vinajisokota, kisha tundu la juu, pale kipande kinaponing'inia kwenye ndoano yake ndani ya reli, linapasuka. Likipasuka usikimbilie kununua blaindi nyingine. Kuna vibandiko vya plastiki vya kurudishia tundu, na kama hukuvipata, badilisha kipande hicho na cha pembeni kabisa ambacho hakionekani sana. Ila kama mlango wenu wa sebuleni unabaki wazi mchana kutwa, vipande vya wima si chaguo lake.

Kwa dirisha la kufunguliwa, blaindi ya vibao vya mlalo ndiyo inayoelewana na hewa, kwa kuwa unavilaza vibao jua lisiingie na upepo ukapita katikati. Hapo kuna vibao vya aluminiamu vya milimita 25 na vile vipana vya milimita 50. Vipana vinapitisha hewa vizuri zaidi na ni vichache kufuta vumbi. Vyembamba ni vya bei ya chini, lakini vinapinda mtoto akivisukuma kwa mkono na vinalia upepo ukipita, na kibao cha aluminiamu kikishapinda alama haifutiki. Mbao halisi ni nzuri kwa macho, tatizo lake ni unyevu wa Pwani: kibao kinavuta maji ya hewani na kupinda, hasa kikiwa kirefu zaidi ya mita moja na nusu. Vibao vya plastiki ngumu vyenye sura ya mbao havijali unyevu, lakini ni vizito. Dirisha la futi sita linataka breketi tatu, si mbili, na vile vya daraja la chini hulegea katikati vikipigwa na jua la magharibi mwaka mzima. Blaindi za mwanzi hatuzipingi mradi ujue kwamba fukusi wanazipenda. Ukikuta unga laini kama poda chini ya dirisha, wameshaingia.

Na kwa chumba cha kulala kisicho na kiyoyozi, ushauri wetu ni pazia la kitambaa la tabaka mbili, jepesi la mchana na zito la usiku. Wanaouza blaindi hawatafurahi kusoma hilo, na sisi wenyewe tunakula kwa kazi hiyo, lakini pazia huachia upepo na hurudi mahali pake bila kelele. Anayeng'ang'ania rola kwenye dirisha wazi aagize ile yenye waya mbili za pembeni zinazoshika bomba la chini. Zifungwe ziwe zimekaza. Waya iliyolegea haina faida yoyote.

Jambo la pili ni jua, na hapa kuwa karibu na ikweta kunabadilisha hesabu iliyozoeleka kwenye maelezo yanayotoka Ulaya. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Mwezi Desemba linakuwa karibu utosini, kiasi kwamba upenu wa sentimita 60 tu unatia kivuli kama mita mbili kwenda chini kwenye ukuta wa kusini saa sita mchana. Mwezi Juni jua liko chini zaidi upande wa kaskazini, na upenu uleule unatia kivuli kama mita moja tu kwenda chini. Nusu ya chini ya dirisha inabaki juani. Kwa hiyo dirisha la kusini mara nyingi halihitaji blaindi ya kuzuia jua kabisa, linahitaji ya faragha tu. Dirisha la kaskazini linahitaji kiasi. La mashariki na la magharibi ndiyo yenye shughuli mwaka mzima, kwa kuwa jua linakuja limelala na upenu haulifikii, na la magharibi ndilo baya zaidi: kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia kwenye ukuta na sakafu ambavyo tayari vimeshapata joto. Kama fedha ni za kubana, mpeni dirisha la magharibi kitambaa cha gharama, mengine yachukue cha kawaida. Hakuna sheria inayosema nyumba nzima ivae blaindi ya aina moja.

Sasa rangi, na kwanza rangi ya upande usiouona. Blaindi inakaa ndani ya kioo, yaani jua likiifikia limeshaingia nyumbani. Njia pekee ya kulirudisha ni kuliakisi litoke tena kupitia kioo kilekile. Mgongo mweupe au wa fedha unafanya kazi hiyo. Mgongo mweusi au wa kahawia unalinywa, unapata moto, kisha unautoa kwenye hewa ya chumba. Weka kiganja kwenye blaindi nyeusi ya dirisha la magharibi saa kumi jioni utaelewa. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar walilimaliza jambo hili kwa kuweka vibao vya mbao nje ya dirisha, ambako joto linabaki barabarani. Sisi wa vioo na aluminiamu tunabaki na rangi ya mgongo. Hivyo ukipenda kijivu cha mkaa au bluu ya usiku, ichukue, ila agiza kitambaa chenye nyuso mbili, nyeupe kwa nje. Nyumba nayo ikitazamwa kutoka barabarani itaonekana na madirisha ya rangi moja hata kama kila chumba kina yake kwa ndani.

Vitambaa vya skrini, vile vyenye vitundu vidogo unavyoweza kuona nje kupitia kwake, vina kanuni inayowachanganya wengi. Skrini nyeusi inakupa mandhari safi ya nje, na mwanga haukuumizi macho. Skrini nyeupe inaakisi joto vizuri zaidi, lakini jua likiipiga inang'aa yenyewe kama ukungu na huoni vizuri kilicho nyuma yake. Kwa hiyo kwenye chumba cha kazi chenye kompyuta, au sebule inayotazama bahari, chukua nyeusi au kijivu cha mkaa na ukubali joto kidogo. Kwa ukumbi wa magharibi ambao hakuna wa kutazama nje, chukua nyeupe. Uwazi wa vitundu hutajwa kwa asilimia: 1, 3, 5, 10. Kwa mashariki na magharibi usipite 3. Asilimia 10 inafaa kusini penye upenu mzuri. Na usiamini anayekwambia kwamba skrini ya asilimia 10 inapitisha upepo. Inapitisha hewa kidogo sana, si upepo wa kulalia.

Kisha faragha. Mchana nje kuna mwanga kuliko ndani, kwa hiyo mpita njia haoni kitu kupitia skrini. Usiku mambo yanageuka: taa ikiwaka, familia nzima inaonekana mezani kutoka uchochoroni. Hili ndilo lalamiko tunalolisikia zaidi kutoka nyumba zilizobanana, na muuzaji huwa hakulisema kwa sababu sampuli ilitazamwa saa nne asubuhi. Omba kipande cha sampuli, kibandike kwenye kioo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, washa taa saa mbili usiku, toka nje utazame. Kama kivuli cha mkono kinaonekana, utahitaji tabaka la pili: rola mbili kwenye breketi moja, skrini ya mchana na kitambaa kizito cha usiku. Breketi za rola mbili zinachukua kina kikubwa zaidi, kwa hiyo lisemeni kabla ya kupimwa.

Sampuli hiyohiyo iangaliwe pia kwa ajili ya rangi. Kitabu cha dukani kinatazamwa mwanga ukikipiga usoni, ilhali blaindi mchana inatazamwa mwanga ukitokea nyuma yake. Krimu iliyotulia mezani inakuwa njano dirishani. Beji inaweza kutoa uwaridi. Kitambaa chepesi cha rangi ya chungwa au nyekundu kinapaka chumba chote rangi hiyo, kuanzia ukuta mweupe hadi uso wa mgeni. Tumekuta jikoni zenye blaindi za kijani ambamo nyama inaonekana imechina. Kioo chenyewe kikiwa na tinti ya kijani, bluu au shaba, nacho kinaongeza rangi yake juu. Na usiku taa nyeupe ya kibuluu inafanya krimu ionekane chafu, wakati taa ya njano inaipendezesha. Kwa hiyo tazameni sampuli mara tatu, asubuhi, alasiri na usiku, ikiwa imesimama dirishani, si imelala mezani.

Ilingane na nini? Wengi huoanisha na sofa. Sofa itabadilishwa au itavalishwa kitambaa kingine. Vitu visivyobadilika ni vigae vya sakafu na fremu za madirisha. Fremu ya kahawia au shaba inapatana na krimu, beji, rangi ya mchanga na kahawia ya kahawa. Kijivu baridi juu yake huonekana kama kimekosewa. Fremu ya fedha au nyeupe inapatana na nyeupe, kijivu na bluu. Kama ukuta ni mweupe na unataka chumba kidogo kionekane kikubwa, blaindi ichukue rangi inayokaribia ukuta, iliyokolea kidogo tu. Nyeupe kabisa juu ya ukuta mweupe uliochujuka huufanya ukuta uonekane mchafu.

Uchafu nao una rangi zake. Pembeni mwa barabara ya vumbi, nyeusi na bluu ya giza huonyesha kila chembe. Kijivu cha kati na rangi ya mchanga vinaficha. Jikoni nyeupe inageuka njano kwa mvuke wa mafuta. Bafuni kitambaa chochote cheupe kisichokauka kinapata madoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki kwa sabuni. Jikoni na bafuni tumieni aluminiamu, plastiki, au kitambaa cha skrini kilichopakwa plastiki kinachofutika kwa kitambaa chenye maji. Na juu ya jiko la gesi msitundike kitambaa chochote, hata kiwe kimeandikwa nini. Rangi kali, hasa nyekundu, hupauka mapema juani, na hupauka kwa mistari: sehemu inayobaki imeviringishwa juu inabaki mpya, iliyo chini inachujuka. Kama chumba kina madirisha matatu, agiza kitambaa chote siku moja kutoka marobota ya awamu moja. Kuongeza blaindi ya nne mwaka unaofuata kwa namba ileile ya rangi hakukuhakikishii rangi ileile.

Kuhusu zebra, zile za mistari inayopishana, tuseme wazi kwamba zimetangazwa kuliko uwezo wake. Ni nzuri sebuleni. Kitambaa ni kimoja kinachozunguka mara mbili, mara nyingi chenye mstari mzito wa milimita 75 na mwepesi wa 50, na mistari mizito ikikutana unapata kivuli. Kivuli, si giza. Mwanga unapenya kati ya tabaka mbili na pembeni, na usiku taa ya nje inachora mistari ukutani. Chumba cha kulala cha mtu wa zamu za usiku hakifai zebra. Tena zebra haisamehe kufungwa kombo: boksi likiinama milimita tatu upande mmoja, mistari ya mbele na ya nyuma inaachana na macho yanaliona hilo kila siku.

Anayetaka giza hasa achukue kitambaa cha giza, kile wanachokiita blakauti, na ajue kwamba kitambaa peke yake hakileti giza. Rola iliyofungwa ndani ya uwazi wa dirisha inaacha pengo la milimita 15 hadi 20 kila upande, kwa kuwa breketi na klachi, kile kifaa kinachozungusha bomba mnyororo ukivutwa, vinakula nafasi hiyo na kitambaa kinakuwa chembamba kuliko kipimo cha jumla. Mistari miwili ya jua la asubuhi inatosha kumwamsha mtu. Ifungeni juu ya uso wa ukuta, ipite dirisha sentimita 10 kila upande na 15 juu, au agizeni reli za pembeni. Kabla ya kulipa, kunja pembe ya sampuli kisha itazame kwenye jua: tabaka baya linapasuka kwenye mkunjo na kuonyesha nukta za mwanga. Tabaka la namna hiyo likikaa limeviringishwa kwenye joto na unyevu wa Pwani huweza kugandana, na siku ukilishusha linabanduka.

Vipimo. Hapa ndipo futi zinapotuponza. Dirisha letu linaitwa "tano kwa tano" na duka linaandika 1500 kwa 1500. Futi tano ni milimita 1,524. Ukiagiza 1500 unabaki na pengo la ziada la milimita 24, na ukiagiza 1524 kwa dirisha ambalo ripu imelipunguza hadi 1510, blaindi haiingii. Pimeni kwa milimita, kwa futikamba ya chuma, upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Kwa kufunga ndani, chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kimo nacho sehemu tatu. Kisha pima mishazari miwili, kona kwa kona. Ikitofautiana zaidi ya milimita 10, uwazi umekaa kombo na ni afadhali blaindi ifungwe nje ya uwazi. Andikeni kwenye oda "kipimo cha uwazi" au "kipimo cha blaindi yenyewe". Fundi akipunguza milimita 10 ili iingie, na duka nalo likapunguza 10 zake kwa mazoea, unapokea blaindi iliyopungua mara mbili na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Kina kisisahauliwe. Grili ikiwa upande wa ndani, uwazi wa ukuta unabaki na sentimita chache tu, na mkono wa dirisha unachomoza mbele zaidi. Rola ya kawaida inataka kama sentimita 6 hadi 7. Kitambaa hushuka nyuma ya bomba, karibu na kioo. Ukiomba kishuke mbele ya bomba kinakwepa grili na mkono wa dirisha. Tofauti ya pili haisemwi dukani: kikishuka nyuma, kwenye bomba juu utaona rangi ya mgongo, yaani roli jeupe juu ya blaindi ya kijivu, kikishuka mbele utaona rangi ya uso. Asiyependa roli jeupe anunue boksi la kufunika au achague kushuka mbele. Kipenyo cha bomba nacho kiulizwe. Dirisha linalozidi mita 1.8 lipate bomba la milimita 38 au zaidi. Bomba jembamba linalegea katikati na kitambaa kinafanya mikunjo ya umbo la V ambayo hakuna pasi itakayoiondoa.

Bei mara nyingi ni kwa mita ya mraba, kwa hiyo mjue kwamba kufunga nje ya uwazi kunaongeza. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 1.8, likiongezwa sentimita 10 kila upande na 15 juu na 10 chini, linakuwa 1.7 kwa 1.45, karibu 2.47.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu ila haina njia ya mkato. Ripu ya ukuta ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na fisha, ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu, iliyoishia ndani ya ripu itang'oka na kipande cha ukuta. Tundu la milimita 6 liingie angalau sentimita 4, vumbi litolewe, fisha ya 6, skrubu ya milimita 4 kwa 40. Kwa vibao vizito au tofali linalopukutika, panda hadi fisha ya 8 na skrubu ya 50. Kwenye linta utakutana na nondo. Sogea sentimita mbili tatu pembeni, usilazimishe. Dari ya jipsamu haibebi blaindi. Skrubu lazima ishike mbao au chuma kilicho juu yake. Karibu na bahari, breketi na mnyororo viwe vya chuma kisichoshika kutu au vya plastiki, kwa kuwa mnyororo uliopakwa tu nikeli unashika kutu ndani ya muda mfupi na kuchora mstari wa kahawia kwenye kitambaa.

Breketi zilinganishwe kwa pima maji, si kwa kufuata ukingo wa dirisha, maana ukingo wenyewe mara nyingi hauko sawa. Bomba likiinama, kitambaa kinahama upande mmoja kila kikiviringishwa mpaka kinasugua breketi. Kama pima maji inasema sawa na bado kinahama, shusha blaindi yote, bandika kwenye bomba, upande mmoja, kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, urefu wa sentimita tatu hadi nne, kisha pandisha. Ikizidi kuhama, kitoe ukibandike upande wa pili. Na mnyororo uvutwe wima kwenda chini. Kuuvuta kimshazari ukiwa umekaa kwenye kochi ndiko kunakovunja klachi.

Kuhusu za rimoti hatuna mengi: zile za betri ya kuchaji ni bora kwetu kuliko za umeme wa moja kwa moja, kwa sababu umeme ukikatika blaindi haibaki nusu. Dirisha liwe mahali ambapo waya wa chaji unafika.

La mwisho ni watoto, na hili tunaliandika kwa uzito kuliko yote yaliyotangulia. Mnyororo wa rola ni kitanzi kilichofungwa. Mtoto wa miaka miwili akisimama juu ya kitanda au kochi lililo chini ya dirisha, kitanzi kiko usawa wa shingo yake, na kunyongwa huko hakuna kelele. Viwango vya Ulaya, EN 13120, vilikazwa mwaka 2014: mwisho wa chini wa kitanzi uwe angalau mita 1.5 kutoka sakafuni, na kuwe na kishikio cha kuubana mnyororo ukutani au kiungo kinachoachia kikivutwa. Marekani, tangu Desemba 2018, kiwango cha sekta hiyo kinataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari madukani ziwe hazina kamba zinazoning'inia au kamba zake zisifikike. Kwetu kile kishikio cha plastiki huja ndani ya boksi kikiwa na skrubu zake mbili, na mara nyingi ndicho fundi anachokiacha kwenye mfuko wa takataka kwa sababu mteja hataki matundu zaidi ukutani. Mteja, kidai. Kifungwe mnyororo ukiwa umekaza, si ukining'inia. Kwenye vibao vya mlalo, kamba za kuvutia zikatwe ziwe fupi na ziviringishwe kwenye ndoano iliyo juu. Vitanda vya watoto viondolewe dirishani. Chumba cha mtoto kipewe rola ya springi isiyo na mnyororo. Ni ghali kidogo tu na inapandishwa kwa mkono.

Tunaliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liitazame mizigo ya blaindi kwa jicho hilo la kamba na minyororo. Na waagizaji tunawaomba waandike nyuma ya kila sampuli mambo manne: asilimia ya uwazi, rangi ya mgongo, namna ya kufuta, na namba ya awamu ya kitambaa. Nafasi ya kuandika ipo. Kwa sasa ina nembo ya duka na namba ya simu.

Mafundi wa blaindi na aluminiamu,
Dar es Salaam